Kutoka kwenye mkataba unaobana: usubiri, ukae mezani, uende mahakamani au uondoke tu?

Jioni ya tarehe 28 Novemba 2024, wasichana watano wa kundi la muziki wa K-pop la NewJeans waliketi mbele ya waandishi wa habari jijini Seoul wakasema kwamba ikifika saa sita usiku hawatakuwa tena wasanii wa ADOR, kampuni iliyo chini ya kampuni kubwa ya burudani ya HYBE. Hawakufungua kesi. Hoja yao ilikuwa kwamba kampuni ndiyo iliyovunja mkataba, kwa hiyo hawaoni sababu ya kwenda mahakamani wala ya kulipa fidia. Miezi kumi na moja baadaye, tarehe 30 Oktoba 2025, mahakama ya Seoul iliamua kwamba mkataba wao uko hai na unawafunga hadi 2029.

Miaka mitano kabla yao, mwimbaji Kang Daniel alijitoa kampuni yake, LM Entertainment, kwa njia nyingine. Aliomba zuio mahakamani (amri ya muda ya kusimamisha mkataba) Machi 2019, na tarehe 10 Mei alikuwa nalo mkononi. Hakuwa maarufu kuliko NewJeans. Tofauti ni mlango alioutumia na karatasi alizokwenda nazo.

Makala hii inalinganisha milango minne. Mifano mingi ni ya Korea Kusini kwa sababu huko kesi za namna hii ni nyingi na maamuzi yake yanajulikana. Sheria za kwetu si zile, lakini msanii wa Dar au Nairobi aliyesaini haraka, au mzazi anayeombwa kumsainia mwanawe, ataona mambo anayoyafahamu.

Kwa nini asiandike tu barua ya kuacha kazi?

Kwa sababu kisheria hana kazi ya kuacha. Novemba 2024 ofisi ya kazi huko Seoul ilitupilia mbali malalamiko ya unyanyasaji yaliyomhusu Hanni wa NewJeans, ikisema sheria ya kazi haimtambui kama mwajiriwa. Mwezi mmoja tu kabla, Hanni alikuwa ametoa ushahidi bungeni kuhusu jambo hilohilo. Mkataba wa msanii wa Korea ni makubaliano ya pande mbili: kampuni inasimamia, msanii anatumbuiza, mapato yanagawanywa. Hakuna notisi ya mwezi mmoja.

Tuiseme na ya kampuni pia, maana mashabiki huwa hatuisemi. Kabla kundi halijatoa wimbo wa kwanza, kampuni imeshalipia bweni, walimu wa kuimba na kucheza, studio na video, pengine kwa miaka. Makundi mengi hayarudishi hata mtaji. Lile moja linalofanikiwa ndilo linalobeba hasara ya mengine, na ndiyo maana kampuni hulishikilia kwa kucha na meno.

Vigezo

Kila njia tutaipima kwa mambo matano: muda utakaopita kabla hujawa huru, fedha zitakazokutoka, hatima ya jina na nyimbo, kama unaweza kufanya kazi ugomvi ukiendelea, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kusubiri mkataba uishe

*Muda.* Mrefu, lakini unajulikana. Baada ya ugomvi wa kundi la TVXQ na kampuni yao SM, waliokuwa wamesainishwa miaka 13, Tume ya Biashara ya Haki ya Korea ilitoa mwaka 2009 mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka saba. Leo mashabiki wanasema "laana ya miaka saba", kwa kuwa hapo ndipo makundi mengi hupasuka. Kwa wavulana, muda wa utumishi wa lazima jeshini unaweza kuongezwa juu yake.

*Fedha.* Hulipi kitu kutoka. Unachopoteza ni mapato ya miaka iliyobaki kwa mgawanyo uleule usiokuridhisha.

*Jina na nyimbo.* Hapa ndipo wengi huteleza. Mkataba kuisha hakumaanishi kwamba jina limekuwa lako. Wanachama wa kundi la Beast waliondoka kampuni ya Cube mwaka 2016 na jina likabaki nyuma. Mwaka uliofuata wakaanza upya wakiitwa Highlight, na hadi 2024 ndipo walipoafikiana na Cube kulitumia tena lile la zamani. Shinhwa waliondoka SM mwaka 2003, na suala la jina lao halikumalizika mpaka 2015. GOT7 walifanya vizuri zaidi. Wote saba waliondoka kampuni ya JYP Januari 2021, lakini kiongozi wao Jay B alihakikisha haki ya jina inahamia kwao, na mwaka 2022 wakatoa kazi mpya kwa jina lilelile.

*Kazi katikati.* Kama kawaida. Hili si dogo: unapanda jukwaani, unajenga mashabiki, unajifunza biashara.

*Inamfaa nani.* Aliyebakiza mwaka mmoja au miwili, asiye hatarini, na anayeweza kuuma meno. Mwenye miaka mitano mbele yake, kila siku ikimmaliza, kumwambia avumilie ni rahisi kwa anayesema tu.

Njia ya pili: kukaa mezani

*Muda.* Mfupi kuliko zote, pande zote zikiwa na cha kupoteza. Tarehe 1 Juni 2023, Baekhyun, Chen na Xiumin wa kundi la EXO walitangaza kupitia wakili kwamba wameipelekea SM notisi ya kuvunja mkataba. Lalamiko lao kubwa lilikuwa kwamba hawaoneshwi hesabu za mapato. Siku 18 baadaye ikatoka taarifa ya pamoja: mkataba unabaki, baadhi ya vipengele vinarekebishwa, na EXO inaendelea.

*Fedha.* Inategemea unanunua nini. Hapa mashabiki wa Bongo Fleva hawahitaji kusimuliwa. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili awe huru. Ni fedha nyingi, lakini aliweza kuendelea kutoa nyimbo kwenye lebo yake mwenyewe bila kusubiri hukumu ya mtu. Wapo pia wanaotafuta msuluhishi: Rich Mavoko, mwaka 2018, alipeleka malalamiko yake dhidi ya lebo hiyohiyo kwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania.

*Jina na nyimbo.* Mezani kila kitu kinazungumzika, ila kisichoandikwa hakipo. Wale watatu wa EXO walirudi kwenye ugomvi Juni 2024. SM ilidai asilimia 10 ya mapato yao binafsi, kama makubaliano ya mwaka uliotangulia yalivyosema. Wao wakajibu kwamba walikubali hivyo kwa sababu waliahidiwa kupunguziwa makato ya usambazaji hadi asilimia 5.5. Kuhusu nani mkweli, kila shabiki ana lake. Mimi naona tu kwamba asilimia 5.5 ilipaswa kukaa kwenye karatasi ileile yenye asilimia 10.

*Kazi katikati.* Inawezekana, ingawa kwa baridi. Kampuni inayojua unataka kuondoka haitakuwa na haraka ya kukutolea albamu.

*Inamfaa nani.* Mwenye nguvu ya kibiashara ambayo kampuni bado inaihitaji, au mwenye mtu wa kumlipia. Msanii mchanga asiye na vyote viwili anaweza kuishia kupewa tabasamu na chai.

Njia ya tatu: kwenda mahakamani kwanza

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu matokeo yake yanachanganya sana watu.

Huko Korea, anayetaka kutoka kwa kawaida haanzi na kesi kubwa. Anaanza na ombi la zuio la muda: mahakama isimamishe nguvu ya mkataba wakati kesi yenyewe inasubiriwa. Akilipata, kampuni haiwezi kumzuia kufanya kazi kwingine. Asipolipata, anarudi alipokuwa, na safari hii na adui.

*Muda.* Miezi miwili hadi mitatu kwa zuio, ukiangalia kesi kubwa. Wanachama watatu wa TVXQ waliomba mwisho wa Julai 2009, uamuzi ukatoka 27 Oktoba. Kundi la FIFTY FIFTY waliomba Juni 2023, wakajibiwa Agosti. Kumaliza ugomvi wote ni habari nyingine: TVXQ na SM waliafikiana Novemba 2012. Kris na Luhan, raia wa China walioondoka EXO mwaka 2014, walifikia usuluhishi wa mahakama Julai 2016, na masharti yake yaliacha mkataba wao na SM ukisimama hadi 2022.

*Fedha.* Ada za mawakili, na hatari ya kudaiwa ukishindwa. Lakini hapa ndipo hesabu za kampuni zinapoweza kuanikwa, na wakati mwingine hesabu ndiyo inayokuokoa. Chukua mgawanyo ulioripotiwa kwenye mkataba wa Chuu wa kundi la wasichana la LOONA: kwenye mapato, kampuni asilimia 70 na msanii 30, kwenye gharama, nusu kwa nusu. Ukisikia haraka unaweza kuona si mbaya. Sasa piga hesabu. Kazi imeingiza 100, gharama zimekuwa 70. Msanii anapata 30 yake, kisha anakatwa 35. Kampuni imebaki na faida ya 35, na msanii anadaiwa 5. Kila gharama zikipita asilimia 60 ya mapato, anayecheza jukwaani anazidi kuzama kwenye deni huku kazi yenyewe ikileta faida.

*Ushahidi* haukuwa kwenye vigezo vyangu, lakini kwenye njia hii ndio unaoamua. Kang Daniel alifanikiwa kwa sababu aliweza kuonesha kwamba LM iligawa haki zilizomhusu kwa kampuni nyingine bila ridhaa yake. Ni jambo moja, lenye mkataba wa kulionesha. Kwa LOONA ilikuwa ajabu zaidi. Wanachama tisa waliomba zuio dhidi ya kampuni yao, BlockBerry Creative. Januari 2023 wanne wakashinda na watano wakashindwa. Kundi moja, kampuni moja, malalamiko yaleyale. Iliripotiwa kwamba wale watano walikuwa wameshafanyiwa marekebisho ya mkataba, kwa hiyo mahakama haikuona ubaya uleule kwenye karatasi zao. Hadi Juni mwaka huo wote walikuwa huru, ila fundisho la Januari linabaki pale: marekebisho madogo uliyosaini ili kupooza mambo yanaweza kukufungia mlango.

FIFTY FIFTY ni upande wa pili. Walikuwa wameingia chati ya nyimbo ya Marekani, Billboard Hot 100, miezi michache tu baada ya kuanza, jambo ambalo kampuni yao ndogo, Attrakt, haikuwahi kuliota. Juni 2023 waliomba zuio wakitaja mahesabu yasiyoeleweka na kutojaliwa afya zao. Tarehe 28 Agosti mahakama ikakataa. Sehemu ya sababu ni kwamba hawakuipa kampuni nafasi ya kutosha kurekebisha kasoro kabla ya kukimbilia kuvunja. Oktoba mmoja wao, Keena, alirudi kwenye kampuni. Wenzake watatu kampuni ikawavunjia mkataba yenyewe. Kibiashara, upepo wa wimbo uliowaingiza kwenye chati ile ulikuwa umeshapita.

*Jina na nyimbo.* Usitegemee. Watatu wa TVXQ walishinda zuio lakini wakaondoka bila jina, wakaanza kama JYJ.

*Kazi katikati.* Kisheria ndiyo, kiuhalisia tia maji tia maji. JYJ walijaza kumbi huku televisheni za Korea zikiwakwepa kwenye vipindi vya muziki. Julai 2013 Tume ya Biashara ya Haki iliiamuru SM na shirikisho la tasnia kuacha kuwaingilia, na mwishoni mwa 2015 Bunge likarekebisha sheria ya utangazaji ili kituo kisimzuie msanii bila sababu halali. Japani nako, mwaka 2019, tume kama hiyo iliionya kampuni ya wasanii ya Johnny's kuhusu shinikizo kwa vituo vya televisheni dhidi ya watatu waliokuwa kundi la SMAP, miaka miwili baada ya wao kuondoka. Unaweza kushinda na bado simu isilie.

*Inamfaa nani.* Mwenye kosa mahususi la kampuni na karatasi ya kulithibitisha. Pia mwenye soko kwingine: Hangeng wa Super Junior, kundi jingine la SM, aliishtaki kampuni Desemba 2009 akarudi China, na huko kazi ikaendelea wakati Seoul wanabishana.

Njia ya nne: kutangaza na kuondoka

*Muda.* Usiku mmoja kwa maneno. NewJeans walifuata kile wanachokielewa kuwa utaratibu: walipeleka barua wakaipa kampuni siku 14 za kurekebisha, kisha wakatangaza mwisho. ADOR ikaenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba mkataba ungalipo. Machi 21, 2025 ikapewa zuio la kuwakataza kufanya kazi zao wenyewe. Siku mbili baadaye walipanda jukwaani Hong Kong, wakatangaza kwamba wanasimama.

*Fedha.* Hapa ndipo kwenye moto. Mei 2025 mahakama iliweka adhabu ya won bilioni moja, karibu dola laki saba, kwa kila mwanachama kwa kila shughuli atakayofanya bila idhini ya ADOR. Nyuma ya hilo kuna fidia ya kuvunja mkataba. Mkataba wa mfano wa Korea unaihesabu hivi: wastani wa mauzo ya mwezi kwa miaka miwili iliyopita, mara miezi iliyobaki. Kundi linaloingiza won milioni 500 kwa mwezi, likibakiza miezi 50, linadaiwa bilioni 25. Kadiri unavyopendwa ndivyo mlango unavyokuwa ghali.

*Jina na nyimbo.* Walijaribu kutumia jina la NJZ. Halikufika mbali.

*Kazi katikati.* Hakuna. Mwaka wao wa 2025 ulikwenda bila albamu wala ziara. Novemba, baada ya hukumu, habari zikawa za kurudi ADOR.

*Inamfaa nani.* Ningependa kusema hakuna, lakini si haki. Yuko mtu mmoja ambaye siwezi kumwambia asubiri karatasi: yule anayeumizwa. Kundi la Omega X, Oktoba 2022, walimtuhumu mkuu wa kampuni yao kwa ukatili, na kulikuwa na picha na sauti zilizosambaa. Novemba waliita waandishi wa habari, lakini mwezi huohuo waliomba zuio pia, na Januari 2023 wakapewa. Yaani walitoka chumbani na wakapitia mahakamani kwa wakati mmoja. Njia ya nne ikiwa na mguu wa njia ya tatu inasimama. Peke yake inachechemea. Hatua ya NewJeans ina faida nyingine pia ambayo hukumu haiioneshi: iliwafanya watu ambao hawajawahi kusikia K-pop wajadili kama msanii ni mfanyakazi au la.

Kulingana na hali yako

*Umebakiza chini ya miaka miwili, hesabu zinaletwa, huumizwi.* Kusubiri kuna mantiki. Lakini anza sasa hivi mazungumzo ya jina, akaunti za mitandao na haki za nyimbo, kabla kampuni haijajua umeamua nini.

*Huoneshwi hesabu.* Andika barua ya kuziomba, yenye tarehe, uweke nakala. Ikijibiwa, una kitu cha kupeleka mezani. Isipojibiwa, ukimya huo ni ushahidi wako wa kwanza mahakamani, na hakuna atakayesema kama walivyoambiwa FIFTY FIFTY kwamba hukuwapa nafasi.

*Unaletewa marekebisho ya kusaini katikati ya mgogoro.* Usisaini siku hiyohiyo, hata kama asilimia imepanda. Mpelekee wakili asiyelipwa na kampuni, umkumbushe habari ya wale watano wa LOONA.

*Una pesa au mwekezaji, na lebo inataka kumaliza.* Nunua uhuru wako, ila hakikisha hati inataja nyimbo za zamani zinabaki kwa nani, nani anapokea mapato ya YouTube kuanzia tarehe gani, na kwamba hakuna deni lingine litakalofufuka.

*Unapigwa, unadhalilishwa, au unaombwa mambo yasiyosemeka.* Toka kwanza uwe salama, nenda polisi, na wakili aanze kuandaa maombi wiki hiyohiyo. Hifadhi sauti, ujumbe na picha kwenye simu isiyo ya kampuni.

*Unajua kabisa umeonewa, lakini huna hata karatasi moja.* Hapa mashabiki watakuhimiza uondoke. Wao hawatalipa ile fidia. Tumia miezi michache kukusanya: ratiba, risiti, ujumbe wa menejimenti, nakala ya mkataba wenyewe ambayo wasanii wengi, amini usiamini, hawana.

*Bado hujasaini.* Una nafasi ambayo wote waliotajwa hapo juu hawana. Tafuta kifungu cha muda na uone kama kinajiongeza chenyewe. Tafuta cha gharama, uombe kiwe na kikomo na idhini yako kwa matumizi makubwa, kisha ukipitishe kwenye ile hesabu ya 100 na 70. Tafuta cha kuvunja mkataba, uone fidia inahesabiwaje. Na kama anayesainiwa ni mtoto wako wa miaka 15, uliza pia mkataba utaisha akiwa na umri gani, na jina lake la jukwaani likiwa la nani.